Miguu sambamba, mguu nyuma au kiki: uondokeje kwenye bloku?

Jumamosi mazoezi yakiisha, kabla sijatoa filimbi shingoni, hakosi mzazi wa kunisogelea na simu. "Kocha, hebu itazame hii." Mara nyingi ni video ya muogeleaji wa Marekani, Caeleb Dressel, akiondoka kwenye bloku, lile jukwaa dogo la kurukia majini, kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, mbio za mita 50 mtindo huru alizoshinda kwa sekunde 21.07. "Sasa mbona wetu hawaruki namna hii?" Huwa namrudishia swali: umeliangalia bloku letu? Anageuka, analitazama. Ni zege lililopakwa rangi ya bluu, juu bapa kama kaunta ya duka. La kwenye simu lina kibao kilichoinuka kwa nyuma, na mguu mmoja wa Dressel umekikanyaga.

Kabla ya kulinganisha chochote, tuliweke wazi hili: mitindo yote mitatu ya kuondoka nitakayoitaja ni halali. Kanuni za World Aquatics, shirikisho la kuogelea la dunia lililokuwa likiitwa FINA, zinataka angalau mguu mmoja uwe sehemu ya mbele ya bloku mwamuzi anapotoa amri, ile ambayo watoto wetu huitamka "tek yo maksi". Mikono uiweke unapotaka. Unachokatazwa ni kuondoka kabla ya mlio, na ukiondoka basi, hakuna kurudiwa mara ya pili.

Wa kwanza nauita miguu sambamba. Miguu yote miwili iko mbele, vidole vimekunjwa kwenye ukingo, mikono nayo imeushika ukingo huohuo. Huu ulianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1960. Kabla ya hapo waogeleaji walikuwa wakiondoka kwa kurusha mikono hewani. Wa pili ni mguu nyuma, mmoja mbele na mwingine nyuma, kama mkimbiaji wa mita 100. Wa tatu ni huohuo mguu nyuma, ila ule wa nyuma unakanyaga kibao kilichoinama. Bloku la namna hiyo lilianza kuonekana kwenye mashindano makubwa kuelekea mwaka 2010, na kwenye Olimpiki ya London 2012 kila mtu alilipanda. Vijana wangu wanauita kiki, neno la bodaboda, kwa jinsi dereva anavyoikanyaga pikipiki iliyogoma kuwaka kwa swichi. (Siyo kiki ya wasanii, ingawa wapo wanaoupenda mtindo huu kwa sababu hiyohiyo.)

Miguu inasukuma nini?

Mwili unakwenda mbele kwa sababu kuna kitu umekisukuma nyuma. Kasi utakayoondoka nayo inategemea vitu viwili: kani unayosukuma nayo, na muda unaousukumia. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Ukikaa kwenye bloku muda mrefu unapata nafasi ya kusukuma zaidi, lakini saa imeshaanza kuhesabu. Waogeleaji wakubwa, tangu mlio hadi vidole kuachana na bloku, hutumia kama sekunde 0.6 hadi 0.7. Katika muda huo wamesikia, wamejivuta, wamenyoosha magoti na wameondoka.

Miguu sambamba inasukuma kwa pamoja, na faida yake ni hiyo: kani kubwa kwa mara moja, kama mtu anayeruka kutoka juu ya ukuta. Hasara yake ni kwamba umesimama juu ya mstari mwembamba sana. Kitovu cha uzito wako kiko juu ya vidole. Ukiegemea mbele kidogo tu kabla ya mlio, umekwisha. Ukiegemea nyuma kwa kuogopa, unalazimika kwanza kuanguka mbele ndipo usukume.

Mguu nyuma unakupa kitako kipana zaidi, kwa hiyo unatulia. Miguu inasukuma kwa kupokezana: wa nyuma unatangulia kukupeleka mbele, wa mbele unamalizia na kukuinua kidogo. Kwa jumla mtu huondoka mapema kuliko wa miguu sambamba, ila mruko wake huwa chini zaidi na mfupi zaidi. Ndani ya mtindo huu kuna wanaoweka uzito mbele na wanaojivuta nyuma kama manati. Wa mbele huondoka haraka. Wa manati huchelewa ila huondoka na kasi. Mimi kwa watoto huwa naweka uzito mbele, kwa sababu manati inataka mikono na mgongo wenye nguvu ambayo mtoto wa miaka 11 hana.

Sasa kiki. Nitakaa hapa kidogo, maana ndiko wengi wanakodanganyika. Kibao kile kimeinama nyuzi 30 juu ya uso wa bloku, na uso wenyewe unaruhusiwa kuinama mbele hadi nyuzi 10. Kwa hiyo wayo wako wa nyuma unaweza kuwa umekanyaga ukuta mdogo wa nyuzi 40. Ukisukuma moja kwa moja dhidi ya ukuta huo, karibu asilimia 64 ya kani yako inakwenda kukupeleka mbele. Ukiusukuma vilevile uso wa bloku ulioinama nyuzi 10 tu, ni asilimia 17. Karibu kani yote inakurusha juu. Salio lote la kwenda mbele litatoka kwenye msuguano kati ya wayo na bloku, basi. Kiki ikipimwa vizuri imeonekana kuwahi kuliko mguu nyuma wa kawaida kufika mita 5 na mita 7.5, lakini kwa sehemu chache za mia za sekunde. Na kibao kina nafasi 5 za kusogeza; ukikiweka mahali ambapo goti la nyuma halijakunjwa karibu nyuzi 90, faida unaiacha hapohapo.

Hilo la msuguano lina maana kubwa kwetu kuliko kibao chenyewe. Kwenye bloku bapa, mguu wa nyuma hauna kitu cha kukanyaga isipokuwa ukali wa uso. Nina binti mmoja, mguu nyuma wake mzuri sana, tulikwenda naye kwenye mashindano bwawa fulani hapa mjini ambalo mabloku yake yalikuwa na vigae laini. Tena asubuhi ile alikuwa amejipaka mafuta mgando hadi kwenye nyayo. Mlio ulipolia mguu wa nyuma uliteleza kama umekanyaga ganda la embe, akaingia majini kwa goti. Alilia nusu saa. Aliyekuwa pembeni yake, mtoto wa miguu sambamba, hakupata shida hata kidogo, kwa sababu vidole vyake kumi vilikuwa vimekunjwa kwenye ukingo, na ukingo hauna utelezi wa kukuangusha nyuma. Tangu siku hiyo nikifika bwawa la ugenini kitu cha kwanza ni kupanda bloku peku na kuparuza wayo.

Hewani

Hapa hakuna mengi. Ukishaachana na bloku huwezi kujiongezea kasi ya kwenda mbele. Mvutano wa dunia unakushusha tu. Kwa wakubwa safari hii ni theluthi ya sekunde hivi, na kichwa huingia majini karibu mita 3 kutoka ukutani. Miguu sambamba hutoa tao la juu zaidi. Mitindo miwili ya mguu nyuma hutoa tao bapa.

Mruko mzuri kabisa wa miguu sambamba niliowahi kuuona haukuwa bwawani. Nendeni Feri, hapa Dar, jioni, muwatazame vijana wanavyojirusha kutoka kwenye mashua. Miguu pamoja, magoti yananyooka yote mara moja, mwili unakunjwa hewani na kunyooka tena. Hakuna aliyewafundisha. Ndiyo maana mtoto anayekuja kwangu kutoka Kigamboni au Kunduchi, aliyezoea kuruka baharini, namwacha na miguu sambamba kwa muda. Tayari anao mwilini. Kasoro yake huonekana akishaingia: anazama moja kwa moja kama jiwe, maana baharini hakuna aliyekuwa akimwambia afike upande wa pili.

Pale mbio zinapopotea

Maji ni mazito kuliko hewa kama mara 800. Ukinzani wake nao unakua kwa mraba wa kasi: ukienda mita 5 kwa sekunde, maji yanakuzuia mara 6 na zaidi ya yanavyokuzuia ukienda mita 2 kwa sekunde. Kwa hiyo kosa lilelile la mwili, tuseme kichwa kilichoinuliwa, linakugharimu zaidi ya mara sita ukilifanya sekunde ya kwanza majini kuliko ukilifanya katikati ya bwawa.

Chukua mtoto anayemaliza mita 50 kwa sekunde 40. Wastani wake ni mita 1.25 kwa sekunde. Anapoingia majini kutoka juu ya bloku anakuwa na kasi kama mara tatu ya hiyo. Hatakuwa na kasi ile tena hadi mbio ziishe. Anachotakiwa ni kuilinda tu: kiganja juu ya kiganja, masikio yamebanwa na mikono, vidole vya miguu vimenyooshwa. Tunaita mshale. Vidole, kichwa, nyonga na miguu vyote vipite kwenye tundu moja la maji. Badala yake wengi wanaanza kupiga miguu papo hapo, kwa pupa. Mwili unaokwenda kasi kuliko miguu inavyoweza kuusukuma hauongezewi chochote na miguu hiyo, unafungiwa breki. Kwa waogeleaji wakubwa, muda wa kuanza kupiga miguu ya pomboo, yaani yote miwili pamoja kama mkia, huwa karibu mita 6 kutoka ukutani, kasi ikishashuka kukaribia ile ya kuogelea. Kwa mtoto ni mapema kidogo. Na asikimbilie juu: karibu na uso wa maji unatengeneza mawimbi, na mawimbi yanakula kasi. Nusu ya mita chini panatosha.

Kanuni inamruhusu kubaki chini hadi mita 15 kwa mtindo huru, kipepeo na mgongo, kichwa kiwe kimeshatokeza hapo. Mtindo wa chura una kanuni zake: mvuto mmoja mkubwa wa mikono yote miwili hadi mapajani na pigo moja la pomboo. Mita 15 kati ya 50 ni asilimia 30 ya mbio. Lakini sisemi kila mtu akae hadi 15. Mtoto ambaye miguu yake chini ya maji ni dhaifu kuliko mikono yake juu, mita 15 zile ni adhabu.

Katika hili mitindo inatofautiana namna hii. Miguu sambamba, kwa tao lake la juu, ni rahisi kupita kwenye tundu moja, lakini pembe ya kuingia ni kali na mtu anakwenda chini sana. Mguu nyuma na kiki vinaingia kwa pembe ndogo. Asiyezoea anapiga tumbo, bwawa zima linacheka, miwani inashuka shingoni. Nimeona wa miguu sambamba akigusa maji wa mwisho na kuibuka wa kwanza. Nimeona kinyume chake vilevile. Wanaochagua mtindo kwa kutazama nani amegusa maji mapema wanatazama mahali pasipo na jibu.

Kina

Hili kwangu liko juu ya sekunde zote. Kanuni inataka bwawa lenye bloku liwe na kina kisichopungua mita 1.35, kuanzia mita 1 hadi angalau mita 6 kutoka ukutani. Mabwawa mengi ya mita 25 tunayoyatumia hapa Dar ni ya shule za kimataifa, klabu na hoteli, na si yote yaliyojengwa kwa ajili ya mashindano. Yapo ambayo bloku liko upande usio sahihi. Chukua fito, uipime mwenyewe; namba iliyoandikwa ukutani isikutoshe. Pakiwa na kina cha chini ya hapo, hakuna cha miguu sambamba wala kiki: wanaanzia majini, wakisukuma ukuta. Na miguu sambamba, kwa pembe yake kali, ndio ninaouogopa zaidi kwenye bwawa lenye kina cha kubahatisha, hasa kwa vijana warefu wa miaka 15 ambao kimo kimewakuta ghafla. Shingo haina spea.

Kwa hiyo umpe nani nini

Mtoto anayeanza haanzii kwenye bloku lolote. Anakaa ukingoni, anapiga goti, anasimama, ndipo anapanda. Akishapanda, nampa miguu sambamba kwa miezi michache, si kwa sababu ndio wa haraka bali kwa sababu unamfundisha kunyooka na kupita kwenye tundu moja. Kisha namhamisha.

Anayeshindana kwenye mabloku bapa ya hapa nyumbani, chaguo langu ni mguu nyuma wenye uzito mbele. Unatulia, kwa hiyo hofu ya kutolewa kwa kuwahi inapungua, na mtoto mwenye hofu hana mruko. Ila abaki na miguu sambamba akibani kwa ajili ya bwawa linaloteleza. Makocha wenzangu kadhaa wananiambia huko ni kumchanganya mtoto. Labda kwa wa miaka 9. Wa miaka 13 anaweza, kama anavyobadili viatu vya kiwanja kikavu na cha tope.

Anayelenga kutoka nje ya nchi hana ujanja, kiki lazima aijue. Collins Saliboko na Sophia Latiff, waliotuwakilisha Olimpiki ya Paris 2024, kule waliondokea kwenye mabloku yenye kibao. Hapo ndipo uamuzi wa kumlea mtoto kwa mguu nyuma unapolipa: mpangilio wa miguu ni uleule, kilichoongezeka ni kibao. Aliyekulia miguu sambamba anaanza upya. Kama bwawa lako halina kibao, tafuta lenye nacho hata kwa wiki mbili kabla ya safari, asikutane nacho siku ya mashindano. Tafadhali msimtengenezee kibao cha mbao cha kupigilia misumari. Nimekiona. Kiling'oka, mtoto akaingia nacho majini.

Mbio za kupokezana ni habari nyingine. Wa pili hadi wa nne hawasubiri mlio, wanamtazama mwenzao akija, kwa hiyo wana muda wa kuzungusha mikono na kusukuma kwa miguu yote miwili ukingoni. Ukizeeka kwenye miguu sambamba, hapo unaitwa tena. Mgongo wenyewe huanziwa majini, haumo katika mjadala huu.

Mguu upi uwe mbele? Utaambiwa umsukume mtoto kwa nyuma bila kumwambia, mguu utakaotangulia ndio wa mbele. Ni mchezo mzuri, wanaupenda, ila mimi nimeona mtoto akitoa mguu wa kulia leo na wa kushoto kesho. Jaribu yote miwili, kila mmoja mara kumi, ndipo uamue.

Namna ya kupima

Saa ya kubonyeza kwa kidole haitoshi. Kidole chako peke yake kinaweza kukosea sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, na tofauti unayoitafuta ni sehemu za mia. Katika Olimpiki ya Rio 2016 Anthony Ervin alimshinda Florent Manaudou kwenye mita 50 kwa 21.40 dhidi ya 21.41, kwa kasi yao hiyo ni sentimita mbili na kitu, upana wa kidole gumba. Hakuna kidole kitakachoiona.

Tumia simu. Video ya kawaida huchukua picha 30 kwa sekunde, yaani picha moja kila sekunde 0.033. Ukiiweka kwenye mwendo wa polepole wa picha 240, kila picha ni sekunde 0.004, na hiyo inakufaa. Funga kamba au tepu mbili kuvuka bwawa, moja mita 5 na nyingine mita 15. Simu moja isimame sawasawa na kila tepu, ubavuni, isimfuate mtoto kwa kuzungushwa. Anayepiga filimbi aonekane au asikike kwenye zote mbili. Mtoto aondoke mara tano kwa kila mtindo, kwa kuchanganya, si tano za huu halafu tano za ule, maana za mwisho atakuwa amechoka. Kisha hesabu picha, tangu filimbi hadi kichwa kugusa tepu.

Na usiufanye mtihani huo wiki aliyojifunza mtindo mpya. Utakuwa unalinganisha kitu cha miaka mitatu na cha siku tatu, cha zamani kitashinda. Mpe wiki sita za kuurudia, kama mara nane kila siku ya mazoezi, mwanzoni mwili ukiwa haujachoka, ndipo umpime.

Yule baba mwenye video ya Dressel sasa husimama kwenye tepu ya mita 15 kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, suruali imekunjwa magotini, simu yake ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki wa karanga. Mwezi uliopita alinionyesha picha moja aliyoisimamisha. Miguu ya mwanawe ilikuwa imeshaanza kupiga kabla visigino havijazama. "Kocha," akasema, "huyu anafunga breki."